Jeli ya Kucha: Hatari Iko Kwenye Ubichi

Je, wajua kwamba jeli ya kucha haikauki? Ipake, kisha ukae gizani hadi asubuhi: utaikuta bado majimaji. Rangi ya kawaida, ile wanayopaka vijana wanaopita mitaani na vikapu vya chupa, hukauka kwa sababu vimiminika vyake, hasa asetati ya ethili na asetati ya butili, huruka hewani na kuacha utando mgumu. Ndiyo harufu kali unayoisikia. Jeli haisubiri hewa, inasubiri mwanga.

Ndani ya chupa yake mna molekuli ndogo za jamii ya akrilati na methakrilati, zikielea huru pamoja na rangi na kichochezi kinachoamshwa na mwanga. Taa ikiwashwa, mionzi yake ya urujuanimno hukivunja kichochezi vipande vipande. Kila kipande hudaka molekuli iliyo karibu, nayo hudaka nyingine, hadi zote zinafungamana kuwa wavu mmoja wa plastiki. Kazi hiyo huchukua sekunde 30 hadi dakika mbili hivi. Kwa hiyo jeli, kama chakula, ina hali mbili: mbichi na iliyoiva. Ikiiva sawasawa, molekuli zimefungwa kwenye wavu na haziwezi kwenda popote. Ikiwa mbichi, zinatembea, na ngozi ndiyo inayozipokea.

Mtembezi mkubwa anaitwa HEMA, kifupi cha jina refu la kikemia. Watengenezaji wanaipenda kwa sababu inaishika kucha vizuri, na rangi haibanduki upesi. Lakini uzito wake ni dalton 130 tu. Wataalamu wa ngozi hutumia kipimo cha dalton 500: chini ya hapo, kitu kinaweza kupenya ngozi. HEMA inapita kwa urahisi. Ikishaingia hujibandika kwenye protini za mwili, na chembe za ulinzi zilizo ngozini huibeba hadi kwenye tezi za limfu, ambako kinga inajifunza kumtambua adui mpya.

Mafunzo hayo hayana dalili yoyote. Mtu anaweza kupaka jeli kwa miezi au hata miaka asione lolote, kisha siku moja mambo yakabadilika. Baada ya siku moja hadi tatu tangu apakwe, vidole vinaanza kuwasha. Ngozi inayozunguka kucha inavimba, inatoa malengelenge, inachanika. Kucha zenyewe zinaweza kuachana na nyama. Kwa ngozi nyeusi usitegemee wekundu wa kwenye picha za vitabu. Mara nyingi huonekana weusi wa zambarau au kahawia, na doa linaweza kubaki muda mrefu baada ya kupona. Wengine huwashwa kope au shingo, kwa kuwa vidole hugusa uso mara nyingi, na vumbi la kusugua kucha kwa tupa nalo hutua huko. Hapo mwenye kope zilizovimba hulaumu wanja au krimu, wakati mkosaji yuko vidoleni.

Mwaka 2018, Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Uingereza kilitangaza kwamba asilimia 2.4 ya watu waliopimwa mzio katika kliniki za Uingereza na Ireland walikuwa na mzio wa angalau methakrilati moja. Hao walikuwa watu waliokwenda kliniki tayari wakiwa na tatizo la ngozi, si wananchi wote. Hata hivyo madaktari waliona sababu ya kuonya, hasa kuhusu vifaa vya kujipakia nyumbani.

Uzito wa jambo hili ni kwamba mzio huu haufutiki. Kinga ikishajifunza, kwa kawaida inakumbuka maisha yote, na methakrilati hazimo kwenye kucha peke yake. Zimo kwenye dawa za kuzibia meno, kwenye saruji ambayo madaktari wa upasuaji hutumia kushikilia nyonga na magoti ya bandia, na akrilati za jamii hiyohiyo zimo kwenye gundi ya baadhi ya vipima sukari vinavyobandikwa mwilini. Undugu wa meno na kucha ni wa zamani. Kucha za akriliki zilianza miaka ya 1950 kwa Frederick Slack, daktari wa meno wa Philadelphia, aliyevunjika ukucha akautengeneza kwa plastiki ya meno. Mwenye mzio wa jeli, basi, amweleze daktari wake wa meno kabla hajafungua kinywa.

Serikali nazo zimechukua hatua. Umoja wa Ulaya umeagiza kwamba jeli zenye HEMA zitumiwe na mafundi waliofunzwa tu. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, umoja huo umepiga marufuku pia TPO, kichochezi kilichokuwa kwenye jeli nyingi, baada ya majaribio kwa wanyama kuonyesha kwamba inaweza kudhuru uzazi. Soma lebo, lakini usiishie kwenye maneno “haina HEMA”. Mara nyingi nafasi yake imechukuliwa na ndugu yake, na mwili uliozoea kumkataa mmoja huweza kumkataa mwingine.

Kinacholeta tofauti kubwa zaidi ni mkono wa fundi. Jeli hubaki mbichi pale inapopakwa nene, kwa sababu mwanga haufiki chini, hasa kwa rangi nzito kama nyeusi. Hubaki mbichi pia taa isipolingana nayo: chupa ya kampuni moja chini ya taa ya kampuni nyingine inaweza kugeuka ngumu juu huku ndani haijaiva. Na hata kazi ikifanywa vizuri, jeli nyingi huacha juu utando unaonata, kwa kuwa oksijeni ya hewani huzuia tabaka la mwisho lisifungamane. Utando huo ni jeli mbichi. Ukifutwa kwa pamba moja inayozungushwa hadi kwenye ngozi ya vidole vyote kumi, sumu imesambazwa kwa jina la usafi.

Kuhusu taa yenyewe, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliripoti mwaka 2023 kwamba mionzi yake iliua na kuharibu chembe zilizooteshwa maabara. Hilo si ushahidi kwamba taa imemletea mtu saratani, lakini glavu zilizokatwa ncha au krimu ya kukinga jua ni gharama ndogo.

Kwa anayetaka kukwepa yote hayo, rangi ya kawaida haina methakrilati hizi, ingawa nayo ina utomvu unaoweza kuwaletea wachache mzio. Hina halisi, iliyosagwa kutoka majani, hushikana na ukucha wenyewe bila kuufunika, ndiyo maana wanawake wengi Waislamu huipenda: haizuii maji ya udhu. Jihadhari tu na piko. Ule weusi wa haraka mara nyingi hutokana na PPD, kemikali ya kupaka nywele rangi, ambayo inaweza kuunguza ngozi na kuacha mzio wa kudumu. Watoto wachanga wasipakwe hata hina: wenye upungufu wa kimeng’enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida katika nchi za malaria, hina inaweza kuwavunjia chembe nyekundu za damu.

Ukiamua kubaki na jeli, usiibandue kwa meno wala kucha. Ilowekwe kwa asetoni. Ukianza kuwashwa, acha kupaka na umwone daktari wa ngozi, ambaye anaweza kukubandika viraka vya majaribio mgongoni ili kumjua mkosaji.

Kisha mtazame fundi. Yeye hukutana na jeli mbichi mteja baada ya mteja, na glavu nyembamba za mpira hupenywa ndani ya dakika chache. Za nitrili zinazobadilishwa mara kwa mara humkinga zaidi. Anayepaka tabaka nyembamba, akaacha upenyo kabla ya ngozi, na kufuta kilichomwagikia pembeni kabla ya kuwasha taa, hutumia muda mrefu kuliko wenzake na pengine hutoza zaidi. Mlipe, maana huo muda ndio kinga yako na yake.