Goti la Mrukaji: Sindano, Kisu au Subira?

Binti amerudi kutoka mazoezi ya mpira wa wavu, naye anashuka ngazi akiegemea ukuta. Mama akimwuliza, hujibu, "Ni goti tu, mama, litapoa." Mashindano ya shule yamebaki wiki tatu. Mwalimu wa michezo anamtegemea, na binti mwenyewe anasihi apelekwe kuchomwa sindano ili acheze. Je, mzazi afanye nini?

Tumeona vyema tulitazame swali hili pamoja nawe, mpendwa msomaji, kwa maana linawasumbua wazazi wengi.

Chini ya pia ya goti kuna kano, yaani kamba ngumu inayoiunganisha pia na mfupa wa muundi. Mchezaji anaporuka na kutua, kano hiyo hubeba mzigo ulio mara kadhaa ya uzito wa mwili wake. Mzigo ukizidi, tena bila nafasi ya kupumzika, maumivu huanza. Ndiyo maana ugonjwa huu huitwa goti la mrukaji. Mwaka 2005 watafiti wa Norway waliochunguza wanamichezo wa ngazi ya juu walieleza kwamba wachezaji wapatao 45 katika kila 100 wa mpira wa wavu walikuwa nao. Wanaume huupata zaidi, lakini wasichana nao hawakuachwa.

Sasa tuzipime tiba zenyewe.

KUPUMZIKA. Kukaa kitako kabisa hutuliza maumivu, lakini kano huzidi kudhoofika. Siku mchezaji anaporudi uwanjani, maumivu humpokea. Ni afadhali kupunguza kuruka kuliko kuacha kila kitu.

SINDANO YA STEROIDI. Hii ndiyo wengi huikimbilia. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark waliilinganisha na mazoezi. Baada ya wiki 12 makundi yote yalikuwa na nafuu. Ilipotimia nusu mwaka, waliochomwa sindano walikuwa wamerudi nyuma, huku waliofanya mazoezi wakiendelea vizuri.

SINDANO YA DAMU. Damu ya mgonjwa mwenyewe huchujwa, kisha sehemu yake ikadungwa kwenye kano. Ni tiba ya gharama kubwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 kwa wanamichezo 57 haukuona kwamba inapita sindano ya maji ya chumvi, wote wakiwa wanafanya mazoezi.

KISU. Mwaka 2006 huko Norway magoti 40 yaligawanywa: mengine yalipasuliwa, mengine yalipewa mazoezi. Baada ya miezi 12 matokeo hayakutofautiana. Basi kwa nini kuanza na kisu? Upasuaji ubaki kuwa njia ya mwisho.

MAZOEZI YA HATUA KWA HATUA. Hapa ndipo penye matumaini zaidi. Mgonjwa huanza kwa kukaza misuli ya paja bila kukunja goti na kulinyosha. Kwa mfano, huegemea ukuta kama aliyekaa kitini, akatulia sekunde 45, kisha akapumzika na kurudia. Baadaye huinua uzito polepole, halafu hujifunza kuruka, na mwisho hurudi mchezoni. Maumivu madogo yanaruhusiwa. Yakizidi 3 katika 10, arudi hatua moja nyuma. Mwaka 2021 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwa wanamichezo 76 kwamba njia hii inashinda ile ya zamani ya kuchuchumaa huku goti likiuma. Hata hivyo, baada ya wiki 24 walioweza kucheza kama zamani hawakufika nusu. Subira ni sehemu ya dawa.

Na je, binti anaweza kufanya mazoezi hayo huku akiendelea na mashindano? Mwaka 2005 wachezaji wa mpira wa wavu walijaribu ile njia ya zamani ya kuchuchumaa katikati ya msimu, wala hawakupata faida. Kwa hiyo jibu letu, ingawa ni chungu, ni hili: mashindano haya yampite.

Kabla ya yote, mpeleke kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Mtoto anayekua huweza kuumwa pale kano inaposhika mfupa, na hilo lina uangalizi wake. Usikawie endapo goti limevimba, limelia ghafla, haliwezi kunyooka, au linauma usiku pamoja na homa.

Mama, keti na binti yako. Usimkemee kwa kulia; kwake yeye timu ni dunia nzima. Nenda pia kwa mwalimu, umweleze kwa upole. Mtume Paulo alipotafuta mfano wa kujitawala, alimtazama mwanamichezo. Kuna kujitawala kwa kukimbia, na kuna kujitawala kwa kuketi benchi na kuwashangilia wenzako. Binti akilijifunza hili la pili angali kijana, atakuwa amepata tuzo ambayo goti bovu haliwezi kumnyang'anya.