Somo la Hiari Halishushi Daraja

Kila mwaka, wanafunzi wa kidato cha pili wanapokaribia kuchagua masomo ya kidato cha tatu, wazazi wa Mafia, kuanzia Kilindoni hadi Bweni, huwauliza walimu swali lilelile: je, mtoto akichukua sayansikimu (yaani elimu ya chakula, lishe, mavazi na matunzo ya nyumba), uchoraji au sanaa za maonyesho, daraja lake la kidato cha nne halitashuka? Swali hilo limesimama juu ya dhana potofu, na kwa kuwa dhana hiyo imekwisha kuwaharibia watoto wengi matokeo, haina budi kuvunjwa kwa hesabu.

Baraza la Mitihani la Tanzania hupanga daraja la mtahiniwa kwa kujumlisha pointi za masomo saba tu, yale aliyofanya vizuri zaidi. Alama ya A huhesabiwa pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5, hivyo kadiri jumla inavyokuwa ndogo ndivyo daraja linavyokuwa la juu: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, na 26 hadi 33 la nne. Katika mtaala uliotumika kwa miaka mingi kabla ya huu mpya ulioanza 2024, masomo ya lazima yalikuwa saba, yaani Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Biolojia na Hisabati. Mwanafunzi aliyebaki na hayo saba peke yake, kwa kufuata ushauri wa kupunguza mzigo, hakuwa na somo hata moja la akiba, na F yake ya Hisabati iliingia katika jumla apende asipende.

Achukuliwe mtahiniwa mwenye B ya Kiswahili, C za Uraia, Historia, Jiografia na Biolojia, D ya Kiingereza na F ya Hisabati. Jumla yake ni pointi 23, nalo ni daraja la tatu. Mtahiniwa huyohuyo akiongeza Chakula na Lishe, ambalo ni somo la sayansikimu, na kupata B, F ya Hisabati hutoka nje ya saba bora, jumla huwa pointi 20, naye hupanda hadi daraja la pili. Akifeli kabisa somo hilo la nyongeza, jumla yake hubaki 23 vilevile. Maadamu kanuni ya masomo saba bora inatumika, hakuna alama yoyote ya somo la nane inayoweza kumwongezea mtahiniwa pointi, na anayewaambia wazazi kinyume cha hayo, hata akiwa mwalimu wa tuisheni anayeheshimika mtaani, hajawahi kukaa chini na kalamu akajumlisha pointi hizo.

Hatari ya kweli iko mahali pengine, na inasikitisha kwamba ni wazazi wachache wanaoiulizia. Uteuzi wa kidato cha tano huangalia pia tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu ambayo mwanafunzi ataendelea nayo, hivyo mtoto anayeacha Fizikia ili apate nafasi ya uchoraji kwenye ratiba huwa amejifungia njia ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Somo la hiari halina kosa lolote hapo. Kosa ni la aliyepanga bila kutazama mbele. Zaidi ya hayo, tahasusi ya CBN, yenye Kemia, Biolojia na Lishe, ipo tangu zamani, na mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikiwamo za sanaa, na kufanya jumla kuwa 65.

Wapo pia wanaosema kwamba kupika hufundishwa na mama, tena kwa wasichana tu. Lakini usalama wa chakula ni zaidi ya kupika: Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na sumu ya nyama hiyo haiondoki hata ikichemshwa kutwa nzima. Ndivyo ilivyo pia kwa histamini, kemikali inayojijenga ndani ya jodari aliyeachwa juani bila barafu. Katika wilaya ya wavuvi kama Mafia, ambako kasa hutaga mayai kwenye fukwe za kisiwa cha Juani, maarifa hayo hayamhusu msichana kuliko mvulana, na mpishi hodari wa nyumbani hawezi kuyapata kwa kuonja mchuzi.

Kwa upande wa sanaa itoshe kusema kwamba msusi wa ukili anayejua kupanga rangi, kupima na kukokotoa gharama ataweza kumpangia bei mtalii anayefikia Utende badala ya kupangiwa.

Yafuatayo ndiyo ya kufanya. Mzazi aulize kama shule ina mwalimu wa somo hilo, kama ina jiko au karakana, kwa kuwa Chakula na Lishe na uchoraji vina mtihani wa vitendo, na ni somo gani litakaloachwa kwenye ratiba. Pasipo somo la sanaa za maonyesho, upo UMISSETA, unaojumuisha michezo na sanaa kwa shule za sekondari. Baada ya kidato cha nne kuna vyuo vya ufundi vya VETA, na kuna taasisi ya sanaa ya TaSUBa, Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Mkondo wa amali wa mtaala mpya, unaounganisha elimu ya sekondari na mafunzo ya ufundi, nao uuliziwe. Shule isiyo na mwalimu wala jiko haifai kuandikisha watahiniwa wa somo hilo, na wazazi waliokwisha kuambiwa kwamba mwalimu hayupo wafike kwenye kikao cha bodi ya shule wakamdai mwalimu huyo kwa halmashauri ya wilaya.