Yavuyavu wa Maji Baridi

Wengi wetu huku Turbo hudhani kwamba yavuyavu, mnyama yule laini kama ute wa yai awashaye ngozi za waogaji, ni wa bahari ya Mombasa tu. Sivyo. Mwaka 1883 Bwana Richard Böhm, Mjerumani, alimwona katika Ziwa Tanganyika, pasipo chumvi. Baadaye akaonekana hata Ziwa Viktoria, jirani yetu. Wataalamu wakabishana kama Tanganyika iliwahi kuungana na bahari. Leo yajulikana haikuwa hivyo.

Huyu ni mdogo, upana wa sarafu, wala hadhuru mtu. Hana moyo wala ubongo, lakini saa aijua: usiku hupanda juu, na kukipambazuka wengi hushuka vilindini. Basi mvuvi wa taa ndiye amwonaye. Aendaye ziwani adhuhuri hurudi akiapa kwamba hayupo.