Bidoni Kumi kwa Dakika: Kweli na Uongo wa Michango ya Vifaa vya Majini

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama katika Ziwa Kivu mbele ya bandari ya Kituku, mjini Goma, watu wakiwa ufukweni wanaitazama. Makumi ya abiria walikufa, na familia zikabaki pale zikidai miili ya watu wao. Aliyeona siku hiyo hahitaji kuelezwa kwa nini Goma inataka vyombo vya kuona na kufanya kazi chini ya maji. Ndiyo maana video ya kifaa cha kuzamia ikiingia kwenye simu, pamoja na ombi la kila mtu achange dola kumi, moyo hukubali kabla akili haijauliza. Basi tuulize.

“Maelfu wameshachanga, kwa hiyo mradi ni wa kweli.” Si kweli.

Mwaka 2016, kwenye jukwaa la michango la Indiegogo, kilitangazwa kifaa kiitwacho Triton. Unakibana kwa meno, kinachuja oksijeni kutoka majini, unapumua dakika 45 bila mtungi mgongoni. Zilikusanywa karibu dola 900,000. Watu wa sayansi walipopiga hesabu hadharani, wenye mradi walirudisha pesa, kisha wakaanza upya wakieleza kwamba ndani mna vichupa vya oksijeni ya kimiminika.

Hesabu hiyo unaweza kuipiga ukiwa mtaani kwetu Himbi. Mtu anayeogelea hutumia karibu lita 1 ya oksijeni kwa dakika, yaani gramu 1.4 hivi. Lita moja ya maji ya juu ya Kivu hubeba takriban miligramu 7. Ukigawanya unapata lita 200: bidoni kumi za lita 20 zipite katikati ya meno yako kila dakika, na kifaa kisiache hata chembe ya oksijeni. Kila anayeteka maji ziwani na kupanda nayo hadi nyumbani anajua bidoni moja ina uzito gani. Na ukishuka zaidi ya mita 60 hivi, Kivu haina oksijeni kabisa. Hapo hakuna cha kuchuja.

“Kutoa gesi chini ya ziwa ni hadithi ya matapeli.” Si kweli.

Jirani zetu wa Gisenyi, Rwanda, walianza mwaka 1963: methani iliyotolewa Rubona ilipelekwa kwenye kiwanda cha bia cha Bralirwa. Siri yake iko kwenye chupa ya bia ya Primus. Gesi imetulia kwa sababu imebanwa. Ondoa kizibo, inapanda yenyewe. Bomba likivuta maji kutoka chini, mgandamizo hupungua kadiri yanavyopanda, mapovu hutokea, na mapovu hayo husaidia kunyanyua maji mengine. Mtambo wa KivuWatt, upande wa Kibuye, unazalisha megawati 26 kwa njia hiyo, nao uligharimu takriban dola milioni 200.

Kwa hiyo anayesema atafanya kazi ileile kwa dola 50,000 za michango, jambo lake linawezekana lakini bajeti yake haiwezekani. Mimi ningemuuliza swali jingine lililo zito zaidi: maji yakishatolewa gesi, atayarudisha kina gani? Chini yetu kuna takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zimeshikiliwa na matabaka ya maji mazito. Ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno kuliko Kivu, lilitapika gesi yake mwaka 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Sisi tunaoyajua mazuku, ile kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kuua, hatuna ruhusa ya kumchangia mtu asiye na jibu la swali hilo.

“Kilichofanya kazi kwenye bwawa kitafanya kazi Kivu.” Si kweli.

Kivu ina kina cha mita 485 hivi. Kule chini, kila sentimita ya mraba inabeba karibu kilo 48. Weka mfuko wa simenti juu ya ukucha wa kidole gumba: ndivyo ziwa linavyokandamiza kila kioo, kila waya na kila mpira wa kuzuia maji.

“Michango haijawahi kuzaa kifaa cha maana.” Si kweli.

Mwaka 2012, OpenROV, roboti ndogo ya kuzamia, ilipata zaidi ya dola 100,000 kwenye jukwaa la Kickstarter. Michoro yake iliwekwa wazi, watu wakaiunda majumbani, na kina walichoahidi kilikuwa mita 100, si sakafu ya bahari. Mradi kama huo ukichelewa si wizi, ilimradi wenyewe waseme ni kitu gani kilivuja.

“Nikichanga, nimenunua.” Si kweli.

Kickstarter yenyewe ilitangaza mwaka 2012 kwamba si duka, ikapiga marufuku picha za kompyuta zinazoonyesha kifaa ambacho bado hakijaundwa. Kwenye likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana kwa zamu, unajua mlango wa kila mwenzako; huku hujui. Tena mabenki yalipofunga milango Goma Januari 2025, wengi wetu tulibaki na pesa ya simu, na ukishaituma kwa hiari yako, kuirudisha ni kazi ngumu.

Kabla ya kutuma, mwombe mwenye mradi video moja isiyokatwa: boti nje ya Kituku, kamba yenye alama za mita, saa inaonekana, kifaa kinashuka na kupanda kikiwa bado kinafanya kazi. Ni kazi ya asubuhi moja.