Merikani, kaniki, kanga: majina ya nguo katika mavazi ya enzi

Kushona mavazi ya zamani na kuyavaa katika maigizo ya matukio ya kihistoria ni burudani yenye mashabiki wengi Ulaya na Marekani. Katika pwani ya Ghuba ya Mnazi, kuanzia Mikindani na Mtwara hadi Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma, kazi hiyo humwangukia zaidi mwalimu wa sanaa na fundi cherehani anayeletewa maelezo kwenye karatasi. Hapo ndipo jina la nguo linapogeuka kuwa jambo zito, kwani fundi hushona kile alichotajiwa.

Kwanza, istilahi. Watu wengi husema *mavazi ya asili* au *mavazi ya kitamaduni*. Maneno hayo yanafaa kwa vazi ambalo jamii hulihesabu kuwa lake, lakini hayana tarehe, na tena hudokeza kwamba mababu walivaa hivyo tangu hapo. *Vazi la enzi* hubainisha zaidi, mradi enzi yenyewe itajwe: vazi la enzi ya Wajerumani, vazi la miaka ya 1860.

Tuchukue tukio moja. Mnamo Machi 1866 David Livingstone alijaribu kuingia bara kupitia mlango wa Ruvuma, akashindwa, akashuka Mikindani na kuianzia hapo safari yake ya mwisho. Msafara wake ulikuwa na askari wa Kihindi, watu wa Nzwani, na vijana waliosomeshwa Bara Hindi baada ya kukombolewa utumwani. Darasa likitaka kuigiza siku hiyo, wanawake wa mji wavae nini? Mkono hukimbilia kanga. Lakini kanga ilizuka katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, na maandishi yake ya mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Kanga yenye methali kwa herufi za Kilatini, ikivaliwa Mikindani ya 1866, ni kosa sawa na kumpa Livingstone saa ya betri.

Nguo zilizotawala biashara wakati huo zilikuwa *merikani* na *kaniki*. Merikani (pia *amerikani*) ni kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kilicholetwa na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa Salem, jimbo la Massachusetts, waliopata mkataba na Sultani Said mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, 1861 hadi 1865, vilipunguza sana shehena hizo, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi. Jina halikubadilika. Kwa hiyo merikani ya mwaka 1880 yaweza kuwa ilifumwa Manchester, na mfasiri anayeandika “kitambaa kutoka Marekani” kila aonapo neno hilo huongeza habari ambayo matini haina. Kitambaa huandikwa kwa herufi ndogo. Nchi, *Marekani*, kwa herufi kubwa.

Kaniki ni kitambaa cha pamba kilichotiwa nili hadi kikakaribia weusi. Kamusi nyingi huishia hapo: “nguo nyeusi ya kike”. Yaliyoachwa ndiyo mazito. Katika karne ya 19 kaniki ilikuwa vazi la wanawake maskini na hasa la watumwa, na rangi yake ilimtambulisha mvaaji kabla hajasema neno. Baada ya utumwa kupigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha kaniki wakavaa kanga. Kubadili nguo kulikuwa kujitangaza huru. Tanganyika sheria ya kuufuta utumwa ilingoja hadi 1922. Mikindani ilikuwa bandari ya biashara hiyo ya watu, na waliopitishwa hapo wana wajukuu. Mwalimu anayewavika wasichana wote wa darasa kaniki kwa kuwa “ndiyo nguo ya zamani” anafuta tofauti iliyowaumiza watu. Anayeiondoa kabisa ili jukwaa lipendeze anafanya vivyo hivyo. Maelezo ya mavazi yaseme nani avae kaniki, na kwa nini.

Vipimo navyo vina historia. *Mkono*, au *dhiraa*, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, karibu nusu wari. *Wari* ni yadi moja. Katika biashara ya misafara, *shuka* ilikuwa mikono minne, *doti* ilikuwa shuka mbili, yaani wari nne, na *jora* la merikani lilihesabiwa wari 30. Leo doti ni jozi ya kanga. Wazo la vipande viwili limebaki, urefu umepungua. Sentensi “alilipwa doti mbili” katika habari za msafara humaanisha wari nane za kitambaa. Anayesoma “jozi mbili za kanga” amekosea nguo na kipimo pia.

Kwa wanaume, kanzu ndiyo yenye msamiati tajiri, na fundi aliyeuzoea huufurahia. *Badani* ni kipande cha mbele au cha nyuma. *Taharizi* ni vipande vya ubavuni vinavyoteremka kutoka kwapani. *Kikwapa* ni kipande kidogo kinachoupa mkono nafasi. *Kaba* huimarisha shingo kwa ndani. *Sijafu* ni pindo la mkono. Hivyo vyote hupigwa bandi kwanza, kisha hushonwa. Fundi akiambiwa “kata badani mbili na taharizi” hana haja ya mchoro. Kanzu ya tetroni inayong’aa kwenye taa haifai kwa enzi hiyo. Pamba ya kawaida, hata isiyopigwa pasi vizuri, huonekana kweli zaidi.

Neno la mwisho la kuangaliwa ni *leso*, kutoka Kireno *lenço*. Mombasa leso ni kanga. Mtwara, kama kwingi Tanzania, ni kitambaa kidogo cha kufutia jasho. Mchezo ulioandikwa Kenya ukisema “anajifunga leso”, fundi wa Mikindani apewe neno *kanga*, na apewe mwaka.