Istilahi za Roboti katika Mipango ya Vijana

Mipango ya kuwafundisha vijana kuunda roboti imeenea katika nchi nyingi, nayo sasa inabisha hodi katika shule zetu. Mtafsiri huletewa miongozo yake, mwalimu hutakiwa kuisimamia, na ofisa wa serikali huandikiwa barua ya kuiombea kibali. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi mipango hiyo, kisha kupendekeza matumizi ya istilahi chache ambazo, zisipoangaliwa, zitaleta utata.

Mwaka 1989 mvumbuzi Mmarekani, Dean Kamen, alianzisha shirika liitwalo FIRST ili vijana wavutiwe na sayansi kama wanavyovutiwa na michezo. Mashindano yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja huko Manchester, New Hampshire, yakiwa na timu 28. Mwaka 2017 mashindano ya kimataifa yaliyofanyika Washington yalikusanya timu za nchi zaidi ya 150. Humo roboti zilishughulika na mipira ya rangi mbili: ya buluu ilisimama badala ya maji, na ya rangi ya machungwa badala ya uchafu. Kwa hiyo lengo la mipango hii si mchezo mtupu, bali ni kumzoeza kijana kutatua tatizo la kweli.

Tuanze na neno lenyewe. Roboti limetokana na neno la Kicheki *robota*, lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, yaani shokoa. Karel Čapek alilitumia katika tamthilia yake R.U.R. ya mwaka 1920, kwa shauri la kaka yake, Josef. Huenda mtu akauliza: kwa nini basi tusiunde neno letu kutokana na shokoa? Tunaona si lazima. Roboti limekwisha kuzoeleka, linatamkika kwa urahisi, na linaeleweka nje ya mipaka yetu.

Linalohitaji uangalifu ni upatanisho wa sarufi. Wengine husema "roboti anatembea", wengine "roboti inatembea". Katika maandishi ya kitaalamu tunapendekeza "roboti inatembea" na, kwa wingi, "roboti zinatembea", kwa kuwa hiki ni chombo wala hakina uhai. Katika hadithi, ambamo hata jiwe huweza kusema, mwandishi ana hiari yake.

Utata wa pili ni wa neno programu. Utaona mwongozo ukisema, "Programu hii itawasaidia vijana." Msomaji hatajua kama kinachosemwa ni utaratibu wa mafunzo au ni maagizo yaliyomo katika kompyuta ya roboti. Utaratibu wa mafunzo tuuite mpango, na programu tuliachie maagizo ya kompyuta.

Tatu ni kile chombo kinachoipa roboti habari za mahali ilipo. Wako wanaokiita kitambuzi na wako wanaokiita kihisi. Ili kuamua, yafaa tutazame kinavyofanya kazi. Chukua roboti inayofuata mstari mweusi uliochorwa juu ya ubao mweupe. Chombo hicho hupima nuru inayorudishwa na ubao. Nyeupe hurudisha nyingi, nyeusi hurudisha kidogo. Kipimo hupelekwa kwenye kompyuta, na programu ndiyo inayoamua kwamba roboti imeacha njia. Hapo hupunguza mwendo wa mota ya gurudumu moja ili roboti irudi mstarini. Basi chombo huhisi tu, bali kutambua ni kazi ya programu. Kwa sababu hiyo tunachagua kihisi: kihisi cha nuru, kihisi cha mguso, kihisi cha umbali.

Nne ni istilahi ya tabia. Profesa Woodie Flowers, aliyeshirikiana na Kamen, alisisitiza kwamba timu zishindane kwa bidii lakini ziheshimiane, hata kumsaidia mshindani aliyeharibikiwa na kifaa. Watafsiri wamehangaika kutafuta neno la wazo hilo, na hali tunalo tangu kale: uungwana. Tukisema "uungwana katika ushindani" kila mzazi atatuelewa.

Huenda wengine wakaona haya ni mambo madogo. Sivyo. Katika mingi ya mipango hii kuunda roboti peke yake hakutoshi. Waamuzi huwaita vijana na kuwataka waeleze walichobuni na sababu ya kukibuni hivyo. Mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi anaweza kuifahamu vema kazi ya mikono yake, kisha akanyamaza mbele ya waamuzi kwa kukosa maneno. Ukimya huo utadhaniwa kuwa ni ujinga, na pengine yeye mwenyewe ataamini kwamba sayansi si yake.

Kwa hiyo tunawaomba watafsiri waandike istilahi hizi kwa namna moja tangu mwanzo hadi mwisho wa kila mwongozo, na walimu wazitumie karakanani, mtoto angali ameshika bisibisi mkononi. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa. Ikibaki kwenye orodha, haimsaidii mtu.