Je, Wajua? Mate ya mama husimulia uchovu wake

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia akina mama wa vijana na watu wazima wenye usonji. Kila jioni, kwa siku nane, mama aliulizwa siku yake ilivyokwenda. Baadhi ya siku alitoa na mate yapimwe kortisoli, homoni ambayo mwili huitoa tunapobanwa na msongo.

Ungetarajia iwe juu. La, ilikuwa chini kuliko ya akina mama wengine, hasa pale mtoto alipokuwa na matatizo makubwa ya tabia. Hali kama hiyo ilishaonekana kwa wanajeshi waliotoka vitani: mwili uliokaa macho miaka nenda miaka rudi huchoka hata kupiga kengele.

Wala si ajabu. Yupo mama anayelala na ufunguo wa mlango chini ya mto, maana mwanawe hutoka usiku wa manane. Kitanda kikilia tu, kashaamka. Asubuhi, kwenye daladala, anaambiwa mtoto wake hana adabu. (Zamani hata wataalamu walidai usonji huletwa na ubaridi wa mama. Bernard Rimland, aliyewapinga kwa kitabu mwaka 1964, mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji.)

Na hili husahaulika: akina mama wale wa utafiti walisimulia mema ya siku zao sawa na wenzao. Wanachokosa ni pumziko. Kwa hiyo, jirani, punguza ushauri. Kaa na mtoto saa mbili, mwenzio alale.